Kila Chuma Kina Dada Yake

Nimeanza kuandika habari za mtu huyu mara tatu, na mara zote tatu nimeinuka katikati nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Labda ni ugonjwa wake alioniachia. Fundi hakujua kuketi.

Mji wetu wa Baraka, kando ya ziwa, ulikuwa na mafundi wengi miaka ile: wa mitumbwi, wa cherehani, wa baiskeli, wa redio. Lakini ukisema Fundi, ukanyamaza hapo, watu walikuonyesha kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda Fizi, ambako mfua chuma mmoja mwembamba, mwenye nyusi zilizoungua, alikuwa akizunguka tanuri lake kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Jina lake la karatasi alilibadilisha wakati serikali ilipotuamuru sote tuache majina ya Kizungu, kisha akalisahau lile jipya. Askari akimwuliza anaitwa nani, ilimbidi aisome kadi kwanza.

Alikula amesimama, sahani mkononi, huku akitembea. Kanisani alisimama karibu na mlango kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Katika kibanda chake kulikuwa na kigoda kimoja tu, nacho kilikuwa cha wateja. Wanawake wa sokoni walimtania, "Fundi, haraka haraka haina baraka." Yeye alijibu kwamba baraka anayo tayari, ndimo anamokaa na kulipa kodi.

Pamoja na haraka yake yote, alikuwa na desturi moja iliyowaudhi watu wote waliotaka kitu upesi. Hakufua kitu kimoja. Ukimwagiza jembe, alikata vipande viwili kutoka kwenye chuma kimoja, akavitia katika moto mmoja, akavipiga nyundo sawasawa mpaka vikawa majembe mawili yasiyotofautiana. Kisha moja akaliweka juu ya fuawe, akalivunja. Alipeleka pale palipovunjika karibu na jicho, akapageuza kwenye mwanga. Ndani ya chuma mna chembe, na kwenye mvunjiko zinaonekana. Kama ni laini mfano wa unga, alikupa lile jembe zima uende zako. Kama ni kubwa na zinametameta mfano wa chumvi, aliyatupa yote mawili na kukuambia urudi kesho.

"Kila chuma iko na dada yake," alisema. "Ukitaka kujua moyo ya huyu, uliza ule mwengine. Lakini kumuuliza ni kumuvunja."

Siku za salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, wakati wanawake wawili walikuwa wakipokezana jembe moja chini ya macho ya wakubwa waliovaa abakosi, yale makoti ya kiserikali yasiyo na tai, jambo hilo liliuma. Mama yangu alimwambia waziwazi kwamba ni dhambi kuvunja jembe zima wakati watu wanachimba mitaro kwa kucha. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavunja jembe mbele yake.

Na mtu huyuhuyu alikuwa mwongo. Sitampamba. Aliwahi kutuambia kwamba amefanya kazi Lubumbashi, amevuka ziwa akiogelea, na amekula meza moja na gavana, yote katika alasiri moja. Umri wake ulipanda na kushuka kufuatana na aliyeuliza. Siku moja nilimwambia usoni kwamba anadanganya, na hakuona haya hata kidogo.

"Mi naweza kudanganya muntu na mudomo," alinijibu. "Ya mudomo inapita. Na chuma, hapana. Chuma inamufwata muntu mpaka kwake, inalala naye."

Jambo jingine ambalo watu wa Baraka watakuambia hata leo ni kunyamaza kwake asubuhi. Tabia hii ilimjia ukubwani. Wanafunzi wa sekondari tulipokuwa tukipita mbele ya kibanda, nyundo ilisimama, na yeye akabaki ameinamisha kichwa hadi tumemaliza kupita. Vijana wa chama walisema anaheshimu bendera, maana saa ile ndiyo ilikuwa ikipandishwa shuleni, na walimsifu kwenye mkutano mbele ya watu wote. Alizipokea sifa. Mama alisema anasali. Mimi sikujali. Nilikuwa msichana, nilikuwa na haraka zangu.

Sasa niseme habari ya mguu, maana bila mguu nisingemjua.

Nilipokuwa na miaka mitatu homa ilinikamata, na iliponiachia, mguu wa kulia haukunirudia. Hospitali ya misheni ilinipa apareye: vyuma viwili vilivyosimama pembeni mwa mguu, kimoja ndani, kimoja nje, vikishikwa na mikanda ya ngozi na kuingia chini katika kiatu. Ilikuwa nzito, lakini ilinisimamisha. Nilipofika darasa la sita, vyuma vile vilikuwa vifupi na vimeliwa na kutu, na mtu aliyekuwa akivitengeneza hospitalini alikuwa ameondoka. Shule ya sekondari ilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu miwili mizima.

Mama yangu aliuza samaki, na hakuwa mtu wa kuficha maneno. "Kama apareye haiko, masomo haiko," aliniambia. "Utabaki na mi ku samaki." Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi niliyasikia maneno yale kila nilipofunga macho, nikaanza kuchukia harufu ya dagaa kwa chuki ambayo hadi leo haijanitoka.

Alinipeleka kwa Fundi. Fundi aliuzunguka mguu wangu mara nne, akapima kwa kamba, akasema chuma chake kitaniua kwa uzito. Tulikuwa bado tumesimama pale alipoingia mzee mmoja kutoka Bibokoboko, mfugaji, aliyeteremka mlimani kuchukua kengele za ng'ombe wake. Mkononi alikuwa na furushi. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya chuma cha kijivu, kila kimoja urefu wa toka kiwiko hadi ncha ya vidole, vimepinda kidogo mfano wa jani la muhindi. Alisema ni vya ndege iliyoanguka kule juu miaka ya vita, na kwamba kwao wanavitumia kukwangulia ngozi.

"Imelala mu mvua miaka mingi, Fundi," alisema. "Angalia. Kutu haiko."

Fundi alichukua kimoja, akakipima mkononi, akakitia mkononi mwangu. Nilitegemea uzito, na mkono wangu ukapanda juu wenyewe. Alijaribu kukipinda kikiwa baridi. Kilikubali kidogo, kisha kikajirudia kama hakikuguswa. Nilimwona akibadilika uso. Yule mzee akanitazama mguu, akasema, "Kama ni ya mutoto, chukua yote," akaondoka na kengele zake. Simjui jina naye pia. Nikikumbuka namna watu wa mlimani na watu wa ziwani walivyokuja kutazamana kwa chuki baadaye, nalikumbuka lile furushi.

Fundi alitia vipande viwili motoni siku ileile. Vilipoiva rangi ya ndizi mbivu, vikawa laini kama udongo wa mfinyanzi. Alivinyoosha, akavitoboa, akacheka peke yake. Saa sita ilikuwa bado haijafika.

"Na dada yake?" Mama akamwuliza. Yeye mwenyewe, aliyelia kwa ajili ya majembe.

"Iko ine tu," alisema Fundi. "Na hii haina dada. Hii imetoka mbinguni."

Nilitembea na vyuma vile majuma mawili, mwepesi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha ikaja siku ya gwaride. Shule zote zilipita mbele ya jukwaa la wakubwa, tukiimba sifa za Kiongozi wa nchi. Mama alinikataza kuandamana. Nilikataa kukatazwa, kwa sababu nilitaka Baraka yote inione nikienda sawa na wengine. Mbele kabisa ya jukwaa, chuma cha nje kilikatika. Hakikupinda kwanza. Kilitoa sauti moja kavu, nikaanguka kifudifudi, na wimbo ukanipita juu.

Fundi alikuwa katika umati. Alipita katikati ya mistari, akafika, akainama, akaokota chuma. Chuma kwanza. Alipeleka mvunjiko jichoni, akaugeuza kwenye jua, na mimi niko chini mdomo umejaa mchanga. Mama yangu hakumsamehe kwa jambo lile kwa muda mrefu, na mimi sijui kama nilimsamehe. Alichosema ni hiki tu: "Ni chumvi. Ndani ni chumvi mutupu."

Hakuomba msamaha. Alirudi kibandani, akaacha majembe ya watu, akaanza kazi ambayo watu waliiona ni wazimu. Alichukua vile vyuma viwili vya gwaride, akavikatakata vipande vidogo, na kwa muda wa miezi mitatu akavitia motoni kimoja kimoja, akavivunja kimoja kimoja, akavipanga juu ya ubao kufuatana na rangi ya moto iliyokipata kila kimoja. Alitundika mkeka mlangoni ili jua lisimdanganye macho. Nilikwenda pale kila alasiri na fimbo yangu, kwa hasira zaidi kuliko kwa matumaini, nikaketi kwenye kigoda, nikamtazama.

Aliona kwanza kwamba rangi ya ndizi mbivu ni mtego. Chuma kinalainika, kinakutii, nawe unafurahi. Lakini ndani chembe zinavimba na kuungana, na zikishakuwa kubwa hazirudi ndogo kwa kupoa tu. Rangi nzuri ilikuwa ya chini kidogo, ya mawese yanayochemka. Katika rangi hiyo chuma kilikuwa kigumu, na ukikipiga nyundo kwa nguvu kilipasuka pembeni. Hapo alikwama kwa majuma. Alitupa nyundo barabarani, mbuzi wa jirani akanusurika.

Kisha akaleta kriki, ile ya kuinulia malori, akaifunga katikati ya magogo mawili. Chuma kikitoka motoni alikiweka pale, akaanza kukisukuma. Polepole, kiasi cha kukasirisha. Anazungusha mkono wa kriki kidogo, anangoja, anazungusha kidogo. Na kile chuma, kilichokataa nyundo, kilikubali kusukumwa. Kilienda chenyewe, bila ufa.

"Haitaki kupigwa," aliniambia, na jasho likimtiririka, kwa sababu kungoja kulimchosha kuliko kupiga. "Inataka kusukumwa pole. Ukiwa na haraka inakufia. Ona bahati yangu mbaya: chuma yote ya dunia, nimepata yenye tabia ya konokono."

Aliona pia kwamba pumzi ya moto inaharibu ngozi yake, inaifanya ngumu na ya kuvunjika kama ganda la yai. Basi akakipaka udongo wa kichuguu kabla ya kukitia, na kikipoa alisugua ngozi yote kwa tupa na mchanga hadi ing'ae. Kipande cha mwisho alichokivunja kwa njia hii kilipinda mara nyingi kabla ya kukubali kukatika. Alinipa nione. Ndani kilikuwa unga.

Miaka mingi baadaye, nikisomea ualimu wa fizikia huko Bukavu, nilifungua kitabu nikakuta picha mbili za chuma kinachoitwa titani, zilizopigwa kwa hadubini. Katika moja chembe ni ndogo, zimebanana. Katika nyingine ni kubwa, zenye mistari ndani. Maelezo yalisema kwamba joto likipita kiwango fulani, titani inajipanga upya ndani, na chembe zinakua haraka. Lakini chini ya kiwango hicho, ukiikandamiza polepole, chembe za zamani zinavunjika na mpya ndogo zinazaliwa mahali pake. Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Mwenzangu wa bweni aliniuliza ninalia nini, nikamwambia ni moshi.

Sasa vile vipande viwili vya mwisho. Vilitosha mguu mmoja, dada hakuna. Shule ilikuwa inafunguliwa juma linalofuata. Fundi alinitaka niwepo ili apime kila wakati. Chuma cha kwanza kilikwenda vizuri; alikisukuma hadi mwisho, akakilaza kwenye majivu. Kile cha pili kilikuwa kimeingia motoni, na kimekaribia rangi, pale askari aliposukuma mkeka akaingia.

"Citoyen, tumesikia iko na vyuma ya ndege huku," alisema, akimwita raia kwa Kifaransa kama serikali ilivyoamuru. "Ni ya nani? Ni ya bale ba porini?"

Kila mtu wa Fizi wa miaka ile anajua swali lile lilikuwa na uzito gani. Porini, mlimani, walikuwako waasi, na mtu aliyetajwa pamoja nao hakurudi upesi. Fundi alizungumza. Alisema ni baiskeli ya mzungu mmoja wa misheni, akasema mzungu huyo alikuwa na meno ya dhahabu, akasema baiskeli ilianguka ziwani, na mamba akaivuta, na wavuvi wakaitoa. Akamwalika askari aketi kwenye kigoda, akamwuliza kama panga lake linakata. Askari aliishia kucheka. Alitoka na panga limenolewa. Mimi nilimwona Fundi siku ile kuwa shujaa, na nilimwona vilevile akigeukia tanuri kwa hatua mbili, akasimama, akakiangalia kile chuma, akakitoa. Alikisukuma kwa kriki kimyakimya. Mwishoni, alichukua tupa akakikata alama ndogo moja ukingoni.

"Alama ni ya nini?" nilimwuliza.

"Ni ya kujua gani ni ya ndani, gani ni ya inje," alisema.

Vyuma vile alivitoboa matundu mengi, ili mikanda isogezwe kadiri ninavyokua. Nilivivaa miaka sita. Nilivuka mto navyo, nilipanda kilima cha shule navyo, nilifanya mtihani wa serikali navyo. Huko Bukavu nilipewa vingine, nikavihifadhi hivi chini ya kitanda, vimefungwa kwenye kitenge, bila kutu hata ya ukucha mmoja.

Nilirudi Baraka likizo moja, nikiwa tayari mwalimu Uvira, Kiongozi akiwa bado ukutani katika kila ofisi lakini picha zikiwa zimepauka. Waliniambia macho ya Fundi yamekwisha. Moto aliouangalia miaka yote ulikuwa umeyafunika utando mweupe. Nilimkuta kibandani, tanuri limepoa, amesimama ameshika nguzo. Kigoda kilikuwa palepale.

"Fundi, nimekuletea kitu," nilisema. "Wakati ule hakukuwa na dada ya kuvunja. Mi sivihitaji tena. Vunja, ujue."

Nilifikiri ninamletea zawadi. Alivipokea, akavipapasa vyote, na kidole kikaenda moja kwa moja kwenye ile alama.

"Hii," alisema. "Ile ingine najua yake. Funga hii mu etau, upige wewe. Mi siwezi kulenga tena."

Nilikibana katika meno ya etau, nikachukua nyundo. Pigo la kwanza halikufanya kitu, wala la pili. La tatu lilitoa ile sauti moja kavu, na nilikuwa tena mbele ya jukwaa na mchanga mdomoni. Niliinua kipande, nikakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Sikuhitaji hadubini. Chembe zilikuwa kubwa, zinametameta, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Nini?" aliuliza.

"Ni unga, Fundi," nilisema. "Ni laini kama unga ya muhogo."

Aliunyoosha mkono, nikampa. Alilamba kidole gumba, akakipitisha juu ya mvunjiko, taratibu, akarudia. Nilisikia mitumbwi yenye mashine ikiunguruma ziwani na nikatamani kuwa ndani ya mmojawapo.

"Sasa we ni mwalimu kabisa," alisema. "Lakini ni ya mudomo tu. Inapita."

Kisha akaniambia. Siku ya askari, chuma kile kilikuwa kimefika rangi ya ndizi, na kilikuwa kimekaa huko wakati yeye anasimulia mamba. Alijua. Hakuwa na kingine. Angetuambia, Mama angenizuia, na ningebaki kwenye samaki. Basi akanyamaza, akaweka alama, akanivalisha.

"Chuma yenye itavunjika inabadilisha sauti kwanza," alisema. "Inalia kidogo, siku mbili, tatu. Sasa kila asubuhi nilikuwa nasimamisha nyundo, we upite. Nasikia tak, tak. Nasema, leo bado. Miaka sita, mutoto ya mama. Hata siku ya homa nilikuya kusimama hapa."

Nilikasirika. Niliwaza kile kilima, ule mto, mawe yake, na mimi juu ya chumvi kila siku bila kujua, na mtu mmoja akijua. Nilitaka kumwambia kwamba haki ya kuchagua ilikuwa yangu. Halafu niliwaza kwamba kama angenipa haki hiyo, mama yangu ndiye angeitumia. Hasira haikuondoka, shukrani ilikuja ikaketi kando yake, na hadi leo hazijazoeana.

"Hiyo yako ya mupya," alisema Fundi, "iko na sauti gani? Tembea kidogo nisikie."

Nikatoka. Nikaenda hadi barabarani, nikageuka, nikarudi, na kwa mara ya kwanza niliusikiliza mguu wangu mwenyewe. Alikuwa ameinamisha kichwa, nyundo imelala chini, mikono imetulia.

"Tena," alisema.

Nikaenda tena.